Kabla Hujanunua Mashine ya Maji Sumbawanga

Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzijoto 100. Mjini Sumbawanga, takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye 94 hivi, maana hewa ya uwanda wa Ufipa ni nyepesi na haiyagandamizi maji kwa nguvu ile ile. Ndiyo sababu maharage huchelewa kuiva huku. Je, maji yaliyochemka mapema namna hiyo ni salama kunywa?

Ni salama. Bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo, virusi vya kuhara, hata amiba, hufa upesi maji yakishavuka nyuzijoto 70. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinashauri maji yatokote kwa dakika 1, na dakika 3 kwa anayeishi juu ya mita 2,000. Mji uko chini ya kiwango hicho; wa miinuko ya Mbizi na wahesabu 3. Kuyaacha robo saa ni kuchoma mkaa bure, na miti inayokatwa kwa mkaa ndiyo inayotunza vyanzo vya maji yenyewe.

Asiyetaka kuchemsha ana dawa ya klorini, ya vidonge au ya maji. Ni rahisi, nayo hubaki ikilinda maji ndani ya ndoo. Adui yake ni tope. Mvua zikianza kunyesha, maji ya vijito hubeba udongo na majani yaliyooza, na klorini huishia kupambana na uchafu huo badala ya vijidudu. Kwa hiyo yaache maji yatuame, au tumia shabu, uchuje kwa kitambaa safi, kisha utie dawa kwa kipimo cha kwenye pakiti na kusubiri dakika 30. Harufu kidogo ya klorini isikutishe. Inayotia shaka ni kukosekana kwake kwenye maji yaliyowekwa dawa.

Mamlaka ya maji ikiweka dawa chanzoni, safari ya bomba bado ndefu. Kwenye mgao, presha inaposhuka, bomba lenye ufa hufyonza maji machafu ya ardhini. Baadaye yanaingia kwenye simtanki lisilooshwa, na mwisho kwenye ndoo inayochotwa kwa kikombe cha kila mtu. Ndoo yenye mfuniko na koki ni kinga ya bei nafuu kuliko nyingi zinazotangazwa.

Vichujio vya udongo wa kuchoma huzuia bakteria na vimelea wakubwa vizuri, ila virusi ni vidogo mno na vingine hupenya. Mashine za utando, zile mafundi wanazoziita RO, huondoa karibu kila kitu, pamoja na chumvi na floraidi. Zinawafaa sana watu wa Arusha na Meru, ambako floraidi huharibu meno na mifupa, na kuchemsha hakuiondoi. Huenda zikafaa pia kwenye baadhi ya visima vya bonde la Ziwa Rukwa, ambalo maji yake ni ya magadi. Lakini kwa anayekunywa maji ya vijito vya Ufipa, tatizo la kwanza ni tope na vijidudu. Mashine hiyo inataka umeme na presha, na nyingi hutupa maji mengi kuliko yanayonyweka. Kwa maoni yangu, wengi hapa mjini hawaihitaji.

Mwenye kisima asikisie kwa macho. Maji yanayotoka meupe kisha yakawa kahawia yakikaa huwa yana madini ya chuma. Yanachafua nguo kuliko yanavyodhuru afya. Floraidi haina rangi wala harufu. Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji Sumbawanga: omba chupa yao iliyotakaswa, na sampuli ifike siku hiyo hiyo. Ukishapata majibu, mwulize muuzaji ni kitu gani kwenye karatasi hiyo mashine yake inakiondoa. Akishindwa kukuonyesha, usitoe pesa.