Kuoa, Kuolewa na Kuoana: Wasichana wa Gusii na Suala la Usawa katika Ndoa

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo wachunguzi wa mambo ya jamii hulipita haraka, nalo ni maneno yanayotumika pale msichana anapoulizwa maoni yake juu ya usawa wa mume na mke. Eneo tunalolishughulikia ni nchi ya Abagusii, yaani iliyokuwa Wilaya ya Kisii, ambayo ilimegwa mwaka 1989 ikazaa Wilaya ya Nyamira, na ambayo tangu mwaka 2013 ni kaunti mbili, Kisii na Nyamira. Wenyeji wa huko husema Ekegusii nyumbani, na shuleni hujifunza Kiswahili na Kiingereza. Basi msichana anapoulizwa kwa Kiswahili juu ya ndoa, hujibu kwa lugha moja jambo alilolelewa nalo katika lugha nyingine. Jambo hili lisipozingatiwa, yawezekana akaandikwa kuwa mtetezi wa mila zinazomkandamiza, na kumbe alikuwa akitetea haki yake mwenyewe.

Tutayatazama maneno manne: kuolewa, mahari, kazi na kichwa cha nyumba. Hoja yetu ni kwamba majibu ambayo kwa juu juu yanaonekana kupingana huwa hayapingani yakisha kuelezwa kwa lugha ya mahali pake.

2. Kuoa na kuolewa

Yapasa kukumbukwa kwanza kwamba sarufi ya lugha za Kibantu haibagui mke na mume katika upatanisho. Kiswahili husema "amekuja" kwa wote wawili, na Ekegusii nayo haina viwakilishi tofauti vya mwanamume na mwanamke. Kwa hiyo tofauti tuitafutayo haimo katika ngeli, bali katika vitenzi na matumizi yake. Kwa Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Katika Ekegusii kitenzi cha mwanamume ni okonywoma na cha mwanamke ni okonywomwa. Lugha zote mbili zimemfanya mmoja kuwa mtenda na mwingine kuwa mtendwa.

Kauli hiyo ya kutendwa inaeleza jambo halisi. Mwanamke wa Kigusii huondoka kwao akaenda kuishi miongoni mwa watu wa ukoo wa mumewe. Zamani koo zilizooana huenda zilikuwa zimepigana, na bibi arusi aliingia mji wa watu aliowaogopa. Huko alikutana na chinsoni, yaani kanuni za haya na heshima baina ya kizazi na kizazi, ambazo zilimkataza kuzoeana na baba mkwe wake au hata kumkaribia ovyo. Kwa hiyo mke kijana alikuwa chini katika ngazi mbili kwa wakati mmoja, ngazi ya jinsia na ngazi ya umri. Ngazi ya pili alikuwa na tumaini la kuipanda. Akizaa, akaoza na kuozesha, alifikia kuwa omong'ina, mwanamke mzee ambaye neno lake husikilizwa. Historia yenyewe inashuhudia: mwaka 1908 ni mwanamke, nabii Moraa, aliyewachochea vijana kuupinga utawala wa Waingereza, na Otenyo akamchoma mkuki afisa Northcote.

Hata hivyo, Kiswahili kina kauli ya tatu, kuoana, ambayo huwafanya wote wawili kuwa watenda. Msichana wa leo akisema "tulioana" mahali ambapo mama yake angesema "niliolewa", amekwisha kutoa maoni yake kabla hajaulizwa.

3. Mahari na chiombe

Neno la pili ni gumu zaidi. "Mahari" ni neno lenye asili ya Kiarabu, na kwa Waswahili wa pwani, kufuatana na sheria ya Kiislamu, mahari ni haki ya bibi arusi mwenyewe. Lilipofika bara, neno hilo hilo lilivishwa maana ya ng'ombe, chiombe katika Ekegusii, ambao hupewa baba wa msichana, na ambao kwa desturi husaidia kumwozea ndugu yake wa kiume. Ni neno moja lenye njia mbili. Mtafiti aulizaye, "Je, wakubali mahari?" hajui ni njia ipi iliyojibiwa.

Katika desturi ya Abagusii ng'ombe ndio waliothibitisha kwamba ndoa ipo. Baada yao ilifuata enyangi, sherehe kubwa ya ndoa, ambapo mwanamke alivalishwa ebitinge, pete za miguuni, alama ya kwamba amefungamana na mumewe maishani. Mwanamke aliyetolewa ng'ombe alikuwa na nyumba yake, enyumba, yenye mashamba yake na ng'ombe wa mahari ya binti zake. Mume mwenye wake wengi hakuruhusiwa kuhamisha mali ya nyumba moja kwenda nyumba nyingine kama apendavyo. Huo haukuwa usawa, bali ulikuwa ulinzi.

Ulinzi huo umedhoofika sana. Mwanaanthropolojia Thomas Håkansson, katika kitabu chake cha mwaka 1988 juu ya mahari, wanawake na ardhi katika Gusii, alieleza jinsi wengi walivyoanza kuishi pamoja bila ng'ombe kutolewa, na jinsi mwanamke wa namna hiyo alivyobaki bila dai imara la shamba, kwake na kwa watoto wake. Amefukuzwa kwa mume, na kwao ardhi ni ya kaka zake. Hata akifa, yawezekana maziko yacheleweshwe mpaka ng'ombe waliosahauliwa miaka yote watolewe.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni. Msichana wa miaka 22 aliyemaliza kidato cha nne anaulizwa kama mke na mume wana haki sawa, akajibu ndiyo. Anaulizwa kama mwanamume atoe mahari, akajibu ndiyo pia. Mchunguzi ataandika kwamba msichana huyu amechanganyikiwa, nusu wa kisasa na nusu wa kale. Lakini yeye amejibu sawasawa. Anajua kwamba pasipo ng'ombe hakuna atakayemsikiliza siku ya ugomvi, na usawa bila mahali pa kusimama ni maneno matupu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imejaribu kumsaidia: inaitambua ndoa ya kimila, na inasema kwamba pale mahari inapohitajika, kutolewa kwa sehemu kidogo tu kunatosha kuithibitisha.

4. Kazi na mali ya nyumbani

Neno la tatu, kazi, lina siri yake. Kwa matumizi ya kila siku, mwenye kazi ni mwenye mshahara. Anayelima, kupika na kulea husemwa "yuko nyumbani tu". Tazama Tabaka, kwenye mawe ya sabuni. Wanaume huchimba na kuchonga. Wanawake husugua na kung'arisha vinyago kwa maji na msasa. Hakuna kinyago kinachouzwa bila mikono yote, lakini anayeitwa fundi ni mchongaji.

Mashambani hali ni hiyo hiyo. Kahawa iliingia Gusii katika miaka ya 1930, kisha pareto na majani ya chai. Mazao haya ya fedha yalipandwa katika ardhi ambayo, ilipopimwa na kuandikishwa tangu miaka ya 1960, kwa kawaida iliandikwa jina la mwanamume. Mwanamke alichuma chai, na malipo yakaenda kwa jina lililo kwenye hati.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 45, inawapa mume na mke haki sawa wakati wa kuoana, wakati wa ndoa, na wakati wa kuachana. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi za shambani kuwa mchango katika mali. Walakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba haki sawa si sawa na kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja hana budi kuthibitisha mchango wake. Katika kesi hiyo yenyewe mwanamke aliuthibitisha, na nusu yake haikuondolewa. Hapo ndipo maana ya neno inapokuwa shamba au kukosa shamba: mwanamke aliyezoea kusema "sifanyi kazi" atauthibitishaje mchango wake mbele ya hakimu?

5. Kichwa cha nyumba

Neno la nne ni la kimamlaka. Mwaka 1979 Mswada wa Ndoa uliangushwa Bungeni Nairobi, na baadhi ya wabunge walilalamika kwamba ungemnyima mume uwezo wa kumrudi mkewe. Mtu angedhani mawazo hayo ni ya wanaume wazee. Lakini utafiti wa taifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 uliwauliza Wakenya kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu fulani, kama vile kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Asilimia 42 ya wanawake walikubali walau sababu moja, na wanaume waliokubali walikuwa asilimia 36.

Hesabu hii ya nchi nzima isisomwe kana kwamba wanawake wanapenda kupigwa. Anayejibu huenda anaeleza jinsi mambo yalivyo, si jinsi anavyotaka yawe. Maana "ana haki" katika masikio ya wengi ni karibu na "ataachiliwa". Tena hapana budi kuuliza swali liliulizwa wapi. Mke kijana aliye kwenye boma la wakwe, chini ya chinsoni, hataongea kama atakavyoongea na wenzake wakienda kuteka maji.

Margrethe Silberschmidt, aliyefanya utafiti Kisii tangu miaka ya 1980, alionyesha kwamba cheo cha mume kilibaki huku uwezo wake wa kulisha ukipungua, kwa sababu ardhi ilikuwa haba na ajira ya mbali ilikuwa imefifia. Mwanamke ndiye aliyeibeba nyumba, na kichwa kisichokuwa na mzigo kikageukia ukali. Basi msichana anayesema "mume ni kichwa" mara nyingi anamdai mume wajibu, yaani alipe karo na ajenge, wala hampi ruhusa ya kutawala. Mtafiti asiyemwuliza, "Kichwa hufanya nini?" amebeba nusu ya jibu.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba maneno manne yamebeba maana mbili mbili, na kwamba msichana wa Kisii au Nyamira huchagua kati ya maana hizo kwa akili timamu. Anaitaka mahari kwa ajili ya ulinzi, na usawa kwa ajili ya heshima. Tunapendekeza basi kwamba maswali ya utafiti yatungwe kwanza katika Ekegusii pamoja na wenyeji, kisha ndipo yafasiriwe. Kwamba maana ya "mahari" ielezwe kila inapotajwa. Na kwamba mke kijana aulizwe mbali na wakwe zake. Walimu wa Kiswahili nao wana sehemu yao. Wakifundisha kauli za vitenzi, wasiishie kuoa na kuolewa, bali wawaulize wanafunzi, wa kike kwa wa kiume, ni kazi gani hufanywa na wale waliooana, na nani huandikwa kwamba ameifanya.