Maumivu ya Mgongo: Kujitunza na Tiba ya Mikono
Maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, ambayo mwaka 2020 yalikadiriwa kuwapata watu milioni 619 duniani, mara nyingi hayana chanzo kimoja kinachoonekana kwenye picha ya eksirei, bali huhusishwa na mkazo wa misuli na viungo vinavyoshikilia pingili, yaani mifupa midogo iliyopangana kuunda uti wa mgongo. Kwa hiyo desturi ya kumlaza mgonjwa kitandani siku nyingi, ingawa hutokana na huruma, humdhuru, kwani misuli isiyotumika hudhoofika na viungo hukakamaa. Lililo bora ni kuendelea na kazi nyepesi, kutembea kidogo kidogo, kujikanda kwa kitambaa cha maji ya moto, na kuinua ndoo kwa kukunja magoti huku mzigo ukiwa karibu na mwili.

Osteopatia, tiba ya mikono iliyoasisiwa na daktari Andrew Taylor Still nchini Marekani mwaka 1874, hutumia ukandaji, unyooshaji na usogezaji wa viungo. Nchini Uingereza, ambako sheria ya mwaka 1993 iliweka usajili wa watabibu hao, mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2016 huikubali tiba ya mikono pale tu inapoambatana na mazoezi, na msimamo huo ni sahihi, maana nafuu ya mikono pekee haidumu.

Ganzi katikati ya mapaja, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, au miguu kulegea ghafla huashiria neva zilizobanwa, na mgonjwa wa namna hiyo hapaswi kukandwa na yeyote, bali apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.