Paulo, Yakobo na Komanda: tunaokolewa kwa imani au kwa matendo?

Katika makanisa yetu ya Ituri kuna swali linalorudi kila mara. Linaulizwa katika mafundisho ya ubatizo, katika vikundi vya wamama, hata sokoni pale Mprotestanti na Mkatoliki wanapozungumza habari za dini. Je, mtu anaokolewa kwa imani peke yake, au matendo yake pia yanahesabiwa?

Tangu Julai 2025 swali hili limekuwa zito zaidi kwa watu wa Komanda. Mji huu mdogo wa wilaya ya Irumu, kilomita zipatazo 75 kutoka Bunia, uko pale barabara ya Bunia inapokutana na ile ya Beni na ile ya Mambasa na Kisangani. Kwa miaka mingi watu waliokimbia vijiji vyao wamekuja kutafuta usalama hapo. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 27 Julai 2025, wapiganaji wa ADF walivamia parokia ya Kikatoliki ya Mwenye Heri Anuarite wakati waumini walikuwa katika mkesha wa sala. Zaidi ya watu 40 waliuawa, watoto wakiwa miongoni mwao. Nyumba na maduka yalichomwa, na watu wengine walitekwa.

Baada ya msiba wa namna hii husikika sauti mbili. Ya kwanza inauliza: walikosa nini hata Mungu asiwalinde, nao walikuwa wakisali? Ya pili inasema: tutawaombea, kisha inakwenda zake. Sauti ya kwanza imeyaweka matendo mahali pasipo pake. Ya pili imeita imani kitu ambacho Biblia haikiiti imani. Kwa hiyo ubishi huu wa kale si wa walimu wa theolojia tu. Unagusa namna tunavyozika wafu wetu na namna tunavyowapokea walio hai.

Paulo anafundisha nini

Mtume Paulo aliandika kwa makanisa yaliyosumbuliwa na jambo moja. Walikuja walimu waliosema kwamba watu wa mataifa, wakitaka kuwa watu wa Mungu kweli, ni lazima watahiriwe na washike sheria ya Musa. Paulo alikataa kwa nguvu. Katika Wagalatia 2:16 na Warumi 3:28 anafundisha kwamba mtu anahesabiwa haki mbele za Mungu kwa imani, pasipo matendo ya sheria. Katika Waefeso 2:8-9 anaeleza kwamba wokovu ni zawadi, hautokani na jasho letu, ili asiwepo mtu wa kujisifu.

Tukitaka mfano ulio wazi, tumtazame yule mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Yesu (Luka 23:39-43). Hakubatizwa, hakutoa fungu la kumi, wala hakupata hata siku moja ya kurudisha alichoiba. Alikuwa na ombi tu, na Bwana alimpokea siku ile ile. Kama wokovu ungelipwa kwa matendo, mtu huyu asingekuwa na senti ya kulipa.

Hata hivyo tusikome kwenye mstari wa tisa wa Waefeso 2. Mstari wa kumi unasema kwamba tumeumbwa katika Kristo ili tutende matendo mema ambayo Mungu aliyatengeneza tangu awali. Kwa Paulo, matendo yanakuja nyuma ya wokovu. Yanaufuata, hayaununui.

Yakobo anafundisha nini

Sasa tufungue Yakobo 2:14-26. Hapo tunakuta maneno yanayoonekana kumpinga Paulo: mtu anahesabiwa haki kwa matendo, wala si kwa imani peke yake. Tena hapa ndipo mahali pekee katika Biblia ambapo neno hili, imani peke yake, linaonekana, na Yakobo analitaja ili alikatae.

Lakini tusome mfano wake. Anasema juu ya ndugu mume au ndugu mke asiye na nguo wala chakula cha siku, naye anaambiwa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kupewa kitu chochote. Mtu wa Komanda hahitaji kufafanuliwa mfano huu. Ndugu huyo analala chini ya turubai, au katika nyumba ya familia iliyompokea, chumba kimoja na watoto sita. Yakobo anauliza: maneno hayo mazuri yana faida gani?

Kwa hiyo mitume hawa wawili wanajibu maswali mawili tofauti. Paulo anajibu yule anayeuliza: mimi mwenye dhambi, nitakubaliwaje na Mungu? Yakobo anajibu yule anayejiona amekwisha kukubaliwa: imani unayosema unayo, je, ni hai au imekufa?

Habari za Abrahamu zinatusaidia hapa, maana wote wawili wanamtumia. Paulo, katika Warumi 4, anataja Mwanzo 15, pale Abrahamu alipoamini ahadi ya Mungu akahesabiwa haki. Wakati huo Isaka alikuwa hajazaliwa, na Abrahamu mwenyewe alikuwa hajatahiriwa. Yakobo anataja Mwanzo 22, miaka mingi baadaye, Abrahamu alipompeleka Isaka mlimani. Yule mtu aliyekubaliwa kwa imani katika sura ya 15 ndiye aliyeonekana kwa matendo katika sura ya 22. Imani ni ile ile, imekua na kuzaa.

Tuchukue mfano wa kwetu. Siku ya salongo wapo wanaotoka na jembe kwa kuogopa kutozwa faini. Mtoto naye hufagia uwanja wa nyumbani kwa baba yake kila asubuhi. Kazi zinafanana, lakini mtoto hafagii ili awe mtoto. Amekwisha kuwa mtoto, ndiyo sababu anafagia. Akikaa mwaka mzima bila kugusa ufagio huku mama yake anaumwa, jirani watauliza kama kweli anampenda mama yake, na watakuwa na haki ya kuuliza.

Mkono waliopeana Yerusalemu

Kuna jambo moja ambalo tunalisahau tunapowagombanisha mitume hawa. Katika Wagalatia 2:9-10 Paulo mwenyewe anasimulia kwamba huko Yerusalemu Yakobo, Petro na Yohana walimpa mkono wa ushirika. Yakobo huyo, kwa mapokeo ya kanisa, ndiye mwandishi wa waraka tunaousoma. Hawakumwongezea Paulo sharti lolote juu ya Injili yake. Walimwomba jambo moja tu, awakumbuke maskini. Naye Paulo anasema alikuwa na bidii kulifanya.

Alilifanya kweli. Katika 2 Wakorintho 8 na 9 tunamwona akikusanya mchango wa makanisa ya mataifa kwa ajili ya Wakristo wahitaji wa Yerusalemu, na katika Warumi 15:25-27 yuko njiani kuupeleka. Mwalimu mkuu wa imani pasipo matendo ya sheria alisafiri na kujihatarisha ili watu wasilale njaa.

Kutoka Luther hadi leo

Ubishi uliwaka upya Ulaya. Martin Luther, mtawa na mwalimu wa Biblia huko Wittenberg, aliteswa rohoni na wazo kwamba hajatenda mema ya kutosha. Mwaka 1517 alipinga biashara ya hati za rehema. Alipotafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, katika Warumi 3:28 aliweka neno «peke yake», ambalo halimo katika Kigiriki, akisema ndiyo maana ya mtume. Katika dibaji zake za mwaka huo alisema waraka wa Yakobo, ukilinganishwa na nyaraka za Paulo, ni kama majani makavu. Sisi warithi wa Matengenezo tunamshukuru Mungu kwa Luther, lakini si lazima tumfuate katika hukumu hiyo juu ya Yakobo.

Kanisa Katoliki lilijibu katika Mtaguso wa Trento mwaka 1547. Wengi wetu tulifundishwa kwamba Wakatoliki husema mtu hujiokoa kwa matendo yake. Tuwe waaminifu: Trento ilikataa fundisho hilo, ikasema bila neema ya Mungu mtu hawezi kuhesabiwa haki. Walichokataa kwetu ni kusema imani peke yake inatosha bila upendo na utii. Wao walihofia imani iliyokufa. Luther alihofia mtu anayemlipa Mungu.

Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia sahihi Tamko la Pamoja juu ya kuhesabiwa haki. Walikiri pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa kumwamini Kristo, si kwa stahili yoyote ndani yetu, na kwamba neema hiyo hutupa nguvu ya kutenda mema. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006, na ushirika wa makanisa ya Kireformati mwaka 2017. Tofauti zipo bado, na si makanisa yote ya Kiprotestanti yaliyolikubali tamko hilo.

Turudi kwenye sauti mbili

Kwa ile sauti inayouliza walikosa nini, Bwana Yesu amekwisha kujibu. Katika Luka 13:1-5 watu walimletea habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato wakiwa katika kutoa dhabihu, yaani katika ibada. Yesu aliuliza kama walikuwa wenye dhambi kuliko wengine wote, akajibu mwenyewe: hapana. Kisha akawageuzia walio hai wito wa kutubu. Ndugu zetu Wakatoliki wa Komanda waliouawa usiku ule hawakuwa na deni kubwa kuliko sisi tuliolala salama. Anayedai walipungukiwa na kitu amerudi kwenye imani ya kulipana, hata kama jina lake limo katika daftari la kanisa la Kiprotestanti.

Imani hiyo ya kulipana huingia pia kwa mlango mwingine, pale mtu aliyeogopa anapoambiwa atoe sadaka fulani ili nyumba yake isiguswe. Tutoe sadaka kwa moyo, ndiyo. Lakini damu ya Kristo haihitaji nyongeza ya faranga zetu, na maskini asiuziwe ulinzi ambao Mungu hauzi.

Kwa ile sauti ya pili, Yakobo ndiye mwenye jibu. Maombi ni lazima, nasi hatutaacha kuomba. Ila mkulima anayeogopa kurudi kwenye shamba lake la kakao kwa sababu ya usalama, mama asiye na minerval ya mtoto aliyefika sekondari, mjane asiye na kipande cha ardhi cha kupanda mihogo, hao wanahitaji pia mikono yetu. Nao wasipimwe kwanza kama ni wa dhehebu letu.

Wilaya hii ya Irumu imewahi kuona imani na matendo katika mtu mmoja. Apolo Kivebulaya, Mganda wa kanisa la Anglikana, alifika Boga mwaka 1896. Dada wa chifu alipokufa kwa kuangukia mkuki, Apolo alisingiziwa kosa, akapigwa, akafungwa na kupelekwa Fort Portal. Alipoachiliwa alirudi Boga, kwa watu wale wale. Aliwafikia pia Wambuti wa msituni, akafanya kazi ya kutafsiri Injili ya Marko kwa lugha yao. Alifariki mwaka 1933. Mtu anayefanya kazi kwa hesabu ya malipo hawarudii waliompiga. Huyu alijua amekwisha kupendwa bure.

Basi tukiulizwa, tujibu hivi. Tunaokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala hatuongezi kitu juu ya kazi ya Kristo. Matendo yetu hayamfai Mungu kama malipo, kwa kuwa yeye hana haja nayo. Jirani yetu ndiye mwenye haja. Imani ikiwa hai, itamfikia.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Soma Wagalatia 2:9-10. Kwa nini mitume walitaja maskini mara tu baada ya kukubaliana juu ya Injili?
2. Soma Luka 13:1-5. Tunapofiwa kwa ukatili, ni maneno gani tuyaache kabisa tunapokwenda kufariji?
3. Katika mtaa wenu, ni nani ambaye kanisa limemwombea mwaka huu bila kumtembelea?

Bwana awafariji wote waliofiwa Komanda, awarudishe waliotekwa, na aifanye imani yetu kuwa hai. Amina.