Kibaha: Mji wa Viwanda na Vita dhidi ya Viluwiluwi

Mji wa Kibaha uko yapata kilomita 40 magharibi ya Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Morogoro, nao ndio makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Kwa wakazi wa Mapinga na vijiji vya pwani ya Bagamoyo, Kibaha ni mahali pa rufaa, kwa kuwa huko ndiko iliko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Tumbi, ambayo pia hupokea majeruhi wengi wa ajali za barabara hiyo kuu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 128,488 katika mji huo, na idadi yao imeongezeka sana tangu wakati ule. Wapo watumishi wa umma, wafanyabiashara wa Maili Moja, wakulima wa mihogo na korosho, na kundi linalokua kila mwaka la vibarua na mafundi wa viwandani.

Maadui watatu

Kibaha ya leo ilichipuka kutokana na mradi wa maendeleo. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika na nchi za Nordiki ziliasisi kituo chenye shule ya sekondari, chuo cha wakulima na kituo cha afya. Shabaha ilikuwa kupambana na maadui watatu waliotajwa mno wakati wa uhuru: ujinga, maradhi na umaskini. Mwaka 1970 kituo kilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Kile kituo cha afya ndicho kilichokua hatua kwa hatua hadi kuwa hospitali ya Tumbi.

Viwanda vilifuata. Katika eneo la TAMCO yaliunganishwa malori ya Scania, na katika miaka ya 1970 mji ukapata kiwanda cha kubangua korosho. Hatima ya kiwanda hicho inafaa kukumbukwa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hadi kiasi cha tani 16,500. Wakulima walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaishambulia miti. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa gharama kubwa vikabaki bila korosho. Mitambo ilikuwepo, lakini mnyororo wa watu walioitegemea ulikuwa umekatika.

Bakteria kiwandani

Mwaka 2015 eneo hilohilo la TAMCO lilipata kiwanda cha namna nyingine. Kiwanda cha Tanzania Biotech Products, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, huzalisha viuadudu vya kibaiolojia vya kuangamiza viluwiluwi vya mbu, na uwezo wake ni lita milioni 6 kwa mwaka.

Kiini cha dawa hiyo ni bakteria. Mmoja wao, Bacillus thuringiensis israelensis, uligunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev. Bakteria huyo hutengeneza chembe za protini ambazo kiluwiluwi huzila pamoja na chakula chake. Ndani ya utumbo wake wenye hali ya alkali, protini hiyo huyeyuka, huamshwa na kupasua seli za utumbo. Kiluwiluwi hufa kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili. Binadamu, mifugo na samaki hawadhuriki kwa njia hiyo. Bakteria wa pili, Lysinibacillus sphaericus, hudumu zaidi katika maji machafu, kama yale ya mashimo ya vyoo na mitaro, ambamo huzaliana mbu aina ya Culex anayeeneza matende na mabusha katika pwani yetu.

Hata hivyo, dawa iliyomo ndani ya dumu haiui mbu. Juni 2017, Rais John Magufuli alipokitembelea kiwanda, alikuta shehena ikisubiri wanunuzi, akaagiza halmashauri nchini ziichukue dawa hiyo. Tatizo la korosho lilikuwa limerudi kwa sura nyingine: safari hii bidhaa ilikuwepo, bali mikono ya kuifikisha dimbwini ilikuwa michache.

Kwa nini kila wiki

Katika joto la pwani, yai la mbu huweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku 7 hadi 14. Dawa ya bakteria wa kwanza hupoteza nguvu upesi juani, hivyo madimbwi hutakiwa kunyunyiziwa takriban kila wiki. Halmashauri inayonyunyizia mara moja wakati wa uzinduzi, kisha ikanyamaza, imetumia fedha pasipo faida ya kudumu.

Dar es Salaam ilionyesha jinsi kazi hiyo inavyowezekana. Mpango wa kudhibiti malaria mijini ulioanza mwaka 2004 uliwatumia wakazi wa mitaa yenyewe kutafuta madimbwi na kuyanyunyizia, na maambukizi ya malaria yalipungua katika kata zilizohusika. Wakazi hao walijua shimo la matofali lililo nyuma ya nyumba ya nani, na bustani ipi ya mchicha hutuamisha maji. Shirika la Afya Duniani linashauri njia hii iwe nyongeza ya vyandarua, hasa pale mazalia yanapokuwa machache, ya kudumu na yanayoonekana.

Jukumu la kila mmoja

Mapinga, ambako viwanja vinapimwa na misingi ya nyumba kuchimbwa, mashimo yanayotuamisha maji baada ya masika ni suala la afya ya umma. Afisa afya wa kata na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kuanza na daftari moja: orodha ya mazalia ya kila mtaa, tarehe ya kunyunyizia na tarehe ya kurudi. Mwenye kiwanja afukie shimo lisilo na kazi, kwa kuwa shimo lililofukiwa halihitaji dawa tena. Mapipa na ndoo za maji zifunikwe, maana humo huzaliana mbu wa dengi.

Kwa mgonjwa, unyunyiziaji hauondoi ulazima wa kulala ndani ya chandarua chenye dawa. Mwenye homa afike kituoni siku hiyohiyo apimwe kwa kipimo cha haraka, na akikutwa na malaria amalize dozi yote ya dawa mseto. Mtoto mdogo au mjamzito mwenye homa asisubiri kupambazuke, na mwenye degedege, kupoteza fahamu au kushindwa kunywa apelekwe mara moja kwenye kituo cha karibu ili aanzishiwe matibabu kabla ya safari ya kwenda Tumbi.