AFYA YETU: Pumzi Hufugwa Polepole

Kila mtu anajua kupumua. Hakuna aliyefundishwa darasani. Mtoto akizaliwa hulia, na hapo hapo huanza kupumua. Je, mtu mzima anaweza kujifunza kupumua? Wahindi wanasema anaweza.

Huko India kuna mazoezi ya kale yanayoitwa yoga. Sehemu moja ya yoga ni mazoezi ya pumzi. Huitwa pranayama. Neno prana maana yake ni pumzi, tena ni uhai. Kwa Wahindu wengi mazoezi haya ni sehemu ya ibada. Mtu hutuliza pumzi ili atulize mawazo na kumwelekea Mungu. Watu wengine huyafanya ili kupumzisha mwili tu. Siku hizi yanafundishwa katika nchi nyingi. Tangu mwaka 2015, tarehe 21 Juni huadhimishwa kuwa Siku ya Yoga Duniani.

Lakini wako watu wanaoanza bila mwalimu. Tena wanaanza na mazoezi magumu. Hilo ni kosa.

Kwa nini tusifanye haraka?

Tunapovuta pumzi, hewa huingia mapafuni. Damu huchukua humo hewa safi, yaani oksijeni. Tunapotoa pumzi, tunatoa hewa chafu. Lakini mwili hautaki kuitoa hewa chafu yote. Kiasi fulani lazima kibaki katika damu. Mtu akipumua haraka na kwa nguvu, hewa hiyo hupungua mno. Mishipa ya damu ya ubongo husinyaa. Kichwa huzunguka. Vidole na midomo hufa ganzi. Wengine huzimia na kuanguka. Fikiri mtu akianguka karibu na moto, au akiwa ndani ya maji!

Liko zoezi liitwalo bhastrika, maana yake mivukuto. Mtu hupumua kwa nguvu kama mivukuto ya mhunzi. Zoezi hilo si la mwanafunzi mpya. Kuzuia pumzi kwa muda mrefu pia si kazi yake.

Waalimu wa kale wa India waliijua hatari hii. Walifananisha pumzi na mnyama wa porini. Mnyama huyo hafugwi kwa siku moja. Ukimshurutisha, atakujeruhi. Mwalimu Patanjali, aliyefundisha zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, aliweka pumzi katika ngazi ya nne kati ya ngazi nane. Kwanza ni kuishi vema na wenzako. Pili ni kujitawala. Tatu ni kukaa vizuri. Ndipo ije pumzi.

Namna ya kuanza

1. Chagua mahali penye hewa safi. Usikae jikoni penye moshi.

2. Usifanye mara baada ya kula. Asubuhi kabla ya chakula ni wakati mzuri.

3. Kaa juu ya mkeka au kigoda. Nyosha mgongo. Legeza mabega.

4. Weka mkono juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua huku ukihesabu moja mpaka tatu. Tumbo litainuka.

5. Toa pumzi kwa pua huku ukihesabu moja mpaka nne. Tumbo litashuka. Usizuie pumzi.

6. Fanya hivyo kwa dakika tano. Ukizoea, vuta kwa hesabu ya nne na utoe kwa hesabu ya sita.

Ukisikia kizunguzungu au kifua kubana, acha mara moja. Pumua kama kawaida. Usisimame mpaka hali itulie.

Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mwendo wa moyo. Ndiyo sababu mtu husikia utulivu.

Nani aulize kwanza?

Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au kifafa aende kwanza zahanati akaulize. Mama mjamzito afanye vivyo hivyo.

Pumzi si dawa ya kila ugonjwa

Jambo hili ni kubwa kuliko yote. Chukua mfano wa mzee mwenye shinikizo la damu. Anapumua polepole kila asubuhi. Anajisikia vizuri. Anasema, "Nimepona," na anaacha vidonge. Shinikizo la damu mara nyingi halina maumivu. Linaweza kupanda naye asijue. Siku moja anapooza upande mmoja wa mwili. Utulivu aliousikia ulikuwa wa kweli, lakini haukuwa kupona. Basi, fanya mazoezi na uendelee na dawa. Mganga ndiye atakayepima na kusema kama dawa ipunguzwe.

Maswali ya kuzungumzia

1. Kwa nini kupumua haraka na kwa nguvu huleta kizunguzungu?

2. Mwanafunzi mpya aepuke mazoezi gani?

3. Jirani yako ameacha dawa kwa sababu anajisikia vizuri. Utamwambia nini?