Ducati 916 Mikononi mwa Mmiliki Mpya

Mtu anunuapo pikipiki ya Kiitaliano ya mwendo wa kasi iliyokwisha kupita mikononi mwa wengine, aghalabu huwa amekwisha kuinunua moyoni miaka mingi kabla ya kuilipia fedha; na shauku hiyo iliyokaa muda mrefu ndiyo imfanyayo, siku ile ile aifikishapo nyumbani, aanze kutafuta ekzosi yenye mngurumo mzito, vioo vidogo na bolti za rangi, ilhali mikanda inayozungusha kamshafti zake haijulikani ilifungwa mwaka gani, na mafuta ya breki yamekwisha kuwa meusi. Natamani kumshika mkono mmiliki huyo kabla hajafungua mfuko wake, nimwombe apange matumizi yake upya: fedha ya kwanza iende pale pasipoonekana, na mapambo yangoje zamu yake, maana katika pikipiki za namna hii kilichofichika ndicho kitakachoamua kama ataipanda au ataisukuma.

Nimeichagua Ducati 916 iwe mfano, pamoja na ndugu yake mdogo 748, kwa kuwa uzuri wake umewavuta watu wengi kuliko maarifa yao ya kuitunza. Jina la Ducati halikuanza na pikipiki. Mwaka 1926 Antonio Cavalieri Ducati na wanawe watatu, Adriano, Marcello na Bruno, walianzisha mjini Bologna kampuni ya kutengeneza vifaa vya redio. Kiwanda chao cha Borgo Panigale kikapigwa mabomu mwaka 1944, na vita vilipokwisha kikaanza kuunda Cucciolo, injini ndogo ya kufungwa kwenye baiskeli. Pikipiki ya 916 ilitoka mwaka 1994, umbo lake likiwa kazi ya Massimo Tamburini, na injini yake ikiwa mrithi wa ile ya vali nne kwa kila silinda ambayo mhandisi Massimo Bordi aliisimamia katika miaka ya 1980. Mwaka ule ule Mwingereza Carl Fogarty akatwaa nayo ubingwa wa dunia wa Superbike, akautwaa tena mwaka 1995. Mwaka 1999 nafasi yake ilichukuliwa na 996, kwa hiyo hata ile 916 iliyo changa kuliko zote imekwisha kupita robo ya karne, na mpira, plastiki na nyaya zilizomo ndani yake zina umri huo huo isipokuwa pale ambapo mtu mwenye hadhari alizibadilisha.

Sifa kubwa ya injini hii, na asili ya gharama zake, ni namna vali zinavyofungwa. Katika injini nyingi, zikiwemo za bodaboda zinazopita milangoni petu, kamshafti huifungua vali na springi huifunga. Fabio Taglioni, aliyeingia Ducati mwaka 1954, aliona kwamba injini ya mashindano ikizunguka kwa kasi kubwa springi za zama zile zilichelewa kuirudisha vali, na vali iliyochelewa huweza kugongwa na pistoni. Basi mwaka 1956, katika pikipiki ya mashindano ya sentimita za ujazo 125, akaikabidhi kamshafti kazi zote mbili, ya kufungua na ya kufunga. Mpango huo huitwa desmo. Hakuuvumbua yeye, kwani Mercedes walikwisha kuutumia katika magari yao ya mashindano mwaka 1954, lakini Ducati ndio waliodumu nao, wakauingiza katika pikipiki za barabarani mwaka 1968, na ukawa kama nembo yao ya pili.

Mmiliki mpya na aelewe maana ya jambo hili kwa mfuko wake. Injini ya 916 ina silinda 2 zilizotengana kwa pembe ya digrii 90, na vali 8. Kila vali ina roka mbili, yaani vikono vinavyosukumwa na kamshafti, kimoja cha kuifungua na kimoja cha kuifunga, na kwa hiyo ina nafasi mbili za kupimwa, jumla nafasi 16, ambazo kila moja hurekebishwa kwa kipande kidogo cha chuma kiitwacho shimu, chenye unene unaohesabiwa kwa sehemu za mia za milimita. Kazi hii ya kupima hufika kila baada ya kilomita 10,000 hivi. Fundi hana budi kuvua maganda ya plastiki, kuifikia kila pembe ya vichwa vya silinda, kupima kwa geji nyembamba, kuandika, kung'oa, kubadilisha, na kupima tena. Wala hakuna njia ya mkato. Anayekuambia kwamba amemaliza kazi hiyo kabla ya chai ya saa nne hakuifanya, na hastahili kulipwa.

Kamshafti hizo huzungushwa na mikanda miwili ya mpira yenye meno, mmoja kwa kila silinda, na hapa ndipo ningemwambia mnunuzi aanzie, hata kama muuzaji anaapa kwamba mikanda ni mipya. Kanuni iliyozoeleka ni kuibadilisha kila kilomita 20,000, na kutoiruhusu ipite miaka 2 hivi hata kama pikipiki haikutembea, maana mkanda uliokaa bandani umepinda mahali pamoja kwa miaka mitano huzeeka ukiwa umesimama. Mkanda ukikatika, kamshafti husimama na vali zilizokuwa wazi hubaki wazi, ilhali pistoni zinaendelea kupanda. Katika nukta moja vali hupinda, na pengine pistoni hutoboka na kichwa cha silinda huharibika. Jozi ya mikanda si kitu mbele ya hasara hiyo. Fundi akifunga mipya atalinganisha alama za magurudumu yenye meno, atakaza kwa kipimo kilichoandikwa na si kwa kubonyeza kidole, kisha atang'oa plagi na kuizungusha injini kwa mkono, taratibu, mizunguko kadhaa, aangalie kama alama zimerudi mahali pake na kama kuna kitu kinachogota. Mmiliki asimame hapo aone. Ni nusu saa itakayomfundisha mengi kuhusu mali yake.

Yako maradhi mengine ya injini za ukoo huu ambayo muuzaji hataji, pengine kwa kuwa naye hayajui. Roka za miaka ile zilipakwa kromu ngumu kwenye uso unaosuguana na kamshafti, na katika injini nyingi kromu hiyo hubanduka. Mwanzo huwa kidoa kidogo sana, kichwa cha pini hakizidi. Ukipitisha ukucha juu yake hukwama. Baadaye ganda hutoka, chembe zake huingia kwenye oili, na kamshafti yenyewe huanza kuchimbika. Kwa sababu hiyo kila oili ibadilishwapo, chujio la waya lililo chini ya injini litolewe na kutazamwa mwangani, na vipande vyembamba vinavyong'aa vikionekana, safari zisimame hadi vichwa vifunguliwe. Wapo mafundi wa kuzipaka roka hizo upya kwa ustadi, na pikipiki iliyokwisha kufanyiwa kazi hiyo, ikiwa na stakabadhi za kuithibitisha, ina thamani kuliko ile ambayo bado inangoja siku yake.

Hapo ndipo nitofautianapo na wale wanaotazama kilomita peke yake. Mtu huletewa pikipiki mbili: moja imetembea kilomita 8,000 tu katika maisha yake yote, inameta, haina karatasi hata moja, nyingine imetembea 50,000, ina mikwaruzo miwili mitatu, na pamoja nayo kuna bahasha nene ya stakabadhi za mikanda, vali, oili na matairi zenye tarehe. Mimi ningeichukua ya pili bila kusita. Mashine hizi huumizwa na kulala zaidi ya kutembea, na bahasha ile ni ushahidi kwamba mwenyewe alikuwa mtu wa kutunza.

Umeme umekuwa lawama ya pikipiki za Kiitaliano tangu zamani, na kwa 916 lawama hiyo si ya bure. Kifaa kinachodhibiti chaji, ambacho mafundi hukiita rektifaya, hupata joto kali na kufa, na viungo vya nyaya zake huungua vikawa kahawia. Dawa yake ni ya gharama ndogo: injini ikiwa inazunguka kwa kasi ya wastani, mita ya umeme iwekwe kwenye betri, na ikiwa kipimo kiko chini ya volti 13 au kimepita 15, sababu itafutwe siku hiyo hiyo. Waya nene kutoka betri hadi starta ni miongoni mwa maboresho bora ambayo mmiliki anaweza kuyafanya, ijapokuwa hakuna atakayeyaona na kumsifu, kwa kuwa nyaya za awali zilikuwa nyembamba, na starta inayozunguka kwa unyonge huchosha betri na kuvunja klachi ndogo inayoiunganisha na injini.

Mkono mmoja unaolishika gurudumu la nyuma ni fahari ya umbo lake. Mnyororo hukazwa kwa kuuzungusha mhimili wa gurudumu uliokaa upande ndani ya mkono huo, si kwa kuvuta ekseli nyuma kama tulivyozoea, na bolti zinazoubana zikazwe kwa kipimo cha kitabu. Mwenye kuzikaza kwa nguvu za misuli huweza kuharibu kipande ambacho bei yake itamliza. Klachi ni kavu, haiogi katika oili, na mlio wake wa kugongagonga pikipiki ikiwa imesimama si ugonjwa. Ugonjwa ni pale kikombe chake kinapochimbwa na sahani, au pistoni ndogo inayoisukuma klachi ianzapo kuvujisha mafuta. Ikifika hapo, pistoni pana kidogo badala ya ile ya awali hukomesha uvujaji na kuulainisha mkono wa klachi kwa pamoja. Ni boresho lenye akili, kwa maana huondoa ila badala ya kuongeza pambo.

Mambo hayo yakiwa tayari, ndipo mmiliki aruhusiwe kufikiria kasi na raha. Nami namsihi aanzie chini, barabarani. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi lililozeeka litelezalo kwenye kona halitaokolewa na ekzosi yoyote. Kiwanda kiliifunga 916 tairi la nyuma la 190/50, ambalo kwa rimu yake ni pana kupita haja, na waendeshaji wengi hupendelea 180/55 kwa kuwa pikipiki hulala na kuinuka kwa wepesi zaidi. Kisha oili ya fokisi ibadilishwe, shokapu zirekebishwe kwa uzito wa yeye mwenyewe atakayekaa juu yake, na mipira ya breki iliyovimba kwa umri ipishe mipira iliyosukwa kwa chuma, pamoja na mafuta mapya ya breki, kwani mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa. Sproketi ya mbele yenye meno 14 badala ya 15 huipa pikipiki pumzi nzuri mijini, kwa bei ya chakula cha watu wawili.

Ekzosi naiweka mwisho, wala siidharau. Sauti ya silinda mbili za Bologna ni sehemu ya kilichonunuliwa. Lakini ekzosi iliyo wazi hubadilisha kiasi cha hewa kinachopita, na chipu ya awali ya kompyuta inayopima petroli ya injini ikiachwa ilivyo, petroli huwa pungufu, injini ikachemka na kukwamakwama. Kwa hiyo ekzosi na chipu vinunuliwe pamoja, na milango miwili ya hewa isawazishwe na fundi mwenye vipimo. Ekzosi za kwanza, chipu ya kwanza na vioo vya kwanza visiuzwe, bali vipakwe mafuta, vifungwe kitambaa na kuwekwa pakavu pamoja na bahasha ya stakabadhi, kwa sababu mnunuzi atakayekuja baadaye atapenda kulipa zaidi kwa 916 inayoweza kurudishwa kama ilivyotoka kiwandani.