Ndiyo ya Mapema, Hapana ya Kungoja

Mtu akilazwa kwa kiharusi, ndugu zake wakishajua kwamba ataishi, huuliza kama atatembea. Wodini mara nyingi hujibiwa kwa mojawapo ya kauli mbili: "tuzidi kumwomba Mungu" au "msitarajie sana." Dua ina nafasi yake, lakini kauli zote mbili huacha dhana kwamba hakuna kinachoweza kujulikana, na hilo si kweli. Nafasi ya mgonjwa kutembea inaweza kukadiriwa mapema, palepale kitandani. Ila "ndiyo" na "hapana" hazina uzito sawa: "utatembea" inaweza kusemwa ndani ya siku tatu na ikasimama, lakini "hutatembea," ikitamkwa siku hizohizo, inakwenda mbali kuliko ushahidi.

Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Janne Veerbeek walichapisha matokeo ya wagonjwa 154 waliopatwa kwa mara ya kwanza na kiharusi cha kuziba kwa mshipa, ambao mwanzoni hawakuweza kutembea peke yao. Vipimo viwili ndivyo vilivyotoa jibu, na hakuna kinachohitaji umeme. Kwanza mgonjwa huketishwa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, mtaalamu wa fiziotherapia akiwa karibu tayari kumdaka. Je, atamudu sekunde 30 bila kuegemea wala kulalia upande? Kisha mguu uliopooza hupimwa nyongani, gotini na kwenye kifundo. Hapa haitafutwi nguvu ya kusimama. Hata misuli ikikaza kidogo tu, kiasi cha kuhisiwa kwa vidole, huhesabiwa. Waliofaulu vyote viwili ndani ya saa 72 walikuwa na uwezekano wa asilimia 98 wa kutembea bila kushikwa na mtu ifikapo mwezi wa 6. Walioshindwa vyote viwili walibaki na asilimia 27, yaani zaidi ya mmoja katika kila wanne. Hali ilipobaki vilevile hadi siku ya 9, nafasi hiyo ilishuka hadi asilimia 10 hivi. Tofauti hiyo ina sababu. Siku za mwanzo ubongo huwa umevimba, na zipo seli zilizozimia bila kufa. Asiyeweza kuketi Jumatatu anaweza kuketi Jumatano ya wiki inayofuata.

Huko Auckland, New Zealand, Marie-Claire Smith, Cathy Stinear na wenzao wameongeza swali la lini. Katika kipimo chao cha mwaka 2022, umri wa chini ya miaka 80, nguvu ya kunyoosha goti na uwezo wa kujimudu bila kuyumba, vikipimwa wiki moja baada ya kiharusi, hukadiria kama mgonjwa atatembea kufikia wiki ya 4, 6, 9, 16 au 26. Familia inayojua hivyo inaweza kuamua kama ni busara kumhamishia mgonjwa chumba cha chini, na nani aombe likizo kazini kwa muda gani.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito: ubashiri mbaya hujitimiza, kwa kuwa anayeambiwa hatatembea hupewa mazoezi machache, na kweli hatembei. Nakubaliana nao, na ndiyo maana "hapana" lazima ingoje. Wengine watataja utafiti wa Copenhagen wa wagonjwa 804, uliochapishwa mwaka 1995, ambapo asilimia 95 walifikia kilele cha kutembea kwao ndani ya wiki 11, wakahitimisha kwamba baada ya hapo mlango umefungwa. Haujafungwa. Jaribio la Marekani la mwaka 2011, lenye wagonjwa 408, lilikuta kwamba hata walioanza mafunzo ya kutembea kwa mashine mwezi wa 6 walipata nafuu, na kwamba mazoezi ya nguvu na ya kujimudu yaliyofanyiwa nyumbani chini ya mtaalamu hayakupitwa na mashine hiyo.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni jingine. Takwimu hizi zimetoka kwa wagonjwa waliopata huduma ya mazoezi. Asilimia 98 ya Uholanzi haiwezi kuahidiwa mtu anayerudishwa nyumbani akalazwa mkekani bila wa kumfundisha kusimama. Tena, "kutembea" katika vipimo hivi ni kutembea bila mkono wa mtu, hata kwa fimbo. Kufika sokoni na kurudi ni suala jingine. Hata hivyo vipimo vyenyewe vinafaa hasa hospitali isiyo na MRI, kwa kuwa vinahitaji kitanda, saa na mikono iliyofunzwa. Kinachosahaulika kwa urahisi ni kurudia vipimo. Mgonjwa akiruhusiwa siku ya 4 akiwa bado hawezi kuketi, tarehe ya kupimwa tena, karibu na siku ya 9, inapaswa kuandikwa kwenye karatasi yake ya ruhusa pamoja na majina ya dawa.